Mdogo wangu ameanza sigara na sapilo, anayemuuzia ni baba mdogo wetu. Nifanyeje?

YayaWaBagira: Wapendwa, hamjambo. Mdogo wangu ana miaka 15. Tangu likizo kubwa ananuka moshi, na juzi nimekuta vichupa vya sapilo, ile pombe kali, ndani ya viatu vyake vya mpira. Ananunua kwa baba mdogo wetu, mwenye butiki pale kona. Anauza sigara moja moja, hata kwa watoto wenye yunifomu. Bagira yetu hapa Bukavu mnaijua: avenyu nzima ni kama ukoo mmoja. Nikimsema, mama yangu hatasalimiwa kanisani. Papa, baba yetu, naye anavuta, na ndiye humtuma mtoto akamnunulie. Nianzie wapi?

Mukulu_Kabare: Binti yangu, usikuze jambo. Sisi sote tulinyonya kasiksi kwa mrija mmoja na babu zetu, na tuko wazima. Ujana utapita.

Muuguzi_Ibanda: Mukulu, kwa heshima yako, kasiksi si sapilo. Kasiksi ni ndizi zilizochachuka. Sapilo ni pombe kali ya kukeneka, tena huyo ni mtoto. Na sigara haipiti hivi hivi: watu wazima wengi wanaovuta walianza kabla ya miaka 18. Ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, ndiyo maana nikotini humnasa kijana upesi. Yaya, akiacha, siku za kwanza atakuwa na hasira za bure na usingizi utamruka. Msimchape hapo. Ni nikotini inadai.

Mwalimu_Kadutu: Ukiwauliza wanafunzi wangu watakwambia "wote wanavuta". Waambie waandike kwenye vikaratasi bila majina, utakuta ni wachache. Ila mimi silaumu wenzake kwanza. Mtoto anayetumwa sigara kila jioni huiwasha kwenye mbabula, jiko la makaa, anavuta mara mbili isizimike, ndipo anampelekea papa. Amekwisha kujifunza, tena mbele ya familia, na hakuna aliyemkemea. Anza na papa.

Mama_Nguba: Kwa baba mdogo usiende wewe. Mtume shangazi mkubwa, yule ambaye baba mdogo hathubutu kumjibu. Asitaje polisi. Aseme tu, "mtoto wetu huyu usimuuzie tena." Mama wengine wa avenyu wakisikia watakuja na majina ya watoto wao. Na jioni huyo mdogo anashinda na nani?

YayaWaBagira: Kwa wamotari. Anawaoshea pikipiki, wanamlipa kichupa.

Mukulu_Kabare: Haa! Mtoto kulipwa pombe kwa kazi? Hiyo si desturi ya mtu yeyote. Shangazi akitoka butiki apitie na huko, amtafute mkubwa wao.

YayaWaBagira: Shangazi yuko, na baba mdogo anamwogopa kweli. Kazi ni papa. Nikimwambia asimtume mtoto, ataniuliza, "Basi nimtume nani, wewe?"

Mwalimu_Kadutu: Mwambie kwa upole, butiki iko kona tu. Miguu anayo.