Wenye vyuo vya kompyuta Mbeya, mnatafuta wakufunzi wa muda au watu wa kuwafundishia bure?

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite salama. Nimeuandika na kuufuta mara tatu tangu jana usiku, maana kila nikianza najikuta natukana, na wasimamizi wataupiga kufuli kabla haujafika popote.

Mimi natengeneza tovuti. Ofisi sina, ofisi yangu ni meza ya chakula hapa Uyole na laptopu iliyong'oka herufi ya P. Nawatengenezea watu wa gesti, shule binafsi, wauza parachichi wanaotaka waonekane na wanunuzi wa nje. Kazi zikija zinakuja, zikikata zinakata kabisa. Sasa mwaka huu zilikata, nikaona kwenye grupu la WhatsApp tangazo la chuo kimoja cha kompyuta hapa mjini: wanatafuta "wakufunzi huru wa muda" wa kufundisha utengenezaji wa tovuti. Jina la chuo silitaji, msiniulize. Waliopita pale watakitambua wenyewe.

Tangazo tu lilitosha kunisanua kama ningekuwa na akili timamu siku ile. Awe anajua HTML, CSS, JavaScript, PHP, Laravel, WordPress, Dreamweaver, na Photoshop juu yake. Uzoefu miaka mitano. Awe na laptopu yake, bando lake na moyo wa kujituma. Malipo: maelewano. Wakuu, mtu anayevijua vyote hivyo kwa miaka mitano haendi kupanda ngazi za jengo la Mafiati kutafuta maelewano, labda awe na njaa. Mimi nilikuwa nayo.

Nikaenda, nikapokewa na madam wa chuo. "Shikamoo madam." "Marahaba kijana wangu, karibu. Sisi hapa hatuangalii vyeti, tunaangalia uwezo. Utakuja Jumamosi utufanyie somo la mfano." Nikapewa mada, CSS, ile lugha ya kupamba kurasa za tovuti, masaa mawili. Nikaona hawa watu wako siriasi. Alhamisi na Ijumaa sikulala, naandaa slaidi, natafuta mifano ya kueleweka, nimetengeneza hadi ukurasa wa duka la mchele wa Kyela ili wanaonipima waone kitu cha nyumbani.

Jumamosi nafika, darasa limejaa. Mimi kwa ujinga wangu nikajua ni watumishi wa chuo wamekaa kunipima. Nikawa nasema moyoni, jamani majaji wa hapa wana nidhamu, wananakili kila neno! Mmoja akauliza kama hili litakuja kwenye mtihani, nikacheka, nikadhani ni utani. Madam hakuingia. Dada wa mapokezi aliingia mara moja tu, kuwatoa nje wasiomaliza ada. Hapo ndipo nilipaswa kukunja waya zangu niondoke, lakini nikaendelea kufundisha rangi na mipaka kama mtu aliyelipwa.

Wiki tatu kimya. Halafu simu: hongera, umefaulu.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Shilingi elfu kumi kwa kipindi cha masaa mawili. Madarasa mawili, la asubuhi na la jioni, vipindi vitatu kwa wiki kila moja, miezi mitatu. Kuandaa somo hakulipwi, kusahihisha hakulipwi, darasa likiahirishwa kwa kuwa umeme umekatika halilipwi hata kama umeshafika. Na kila mahali nimeandikwa "mkufunzi huru". Uhuru gani? Kulikuwa na daftari la mahudhurio mapokezi, na saa mbili na dakika kumi asubuhi dada anachora mstari mwekundu. Ukisaini chini ya mstari, elfu mbili imekwenda. Fulana ya chuo ni lazima, nimeinunua mwenyewe elfu kumi na tano. Kufundisha chuo kingine Mbeya ni marufuku. Kipengele cha mwisho kinasema notsi zote nitakazoandika ni mali ya chuo. Yaani kwenye bima na likizo mimi siyo mtu wao, kwenye notsi mimi ni wao hadi mfupa.

Nikasaini. Najua, najua. Wale wa "kwa nini ulisaini" mtapata nafasi yenu huko chini.

Siku ya kwanza darasani nikataka kujua wameishia wapi. Nikamwomba binti mmoja wa mbele kauntabuku yake. Mwandiko mzuri, amepiga mistari kwa rula, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu. Na huyu binti ana tabia ya kuandika nani kafundisha. Jumamosi ya kwanza, HTML utangulizi, "Mwl. wa miwani". Ya pili, picha na viungo, "Mwl. wa Tukuyu". Ya tatu, majedwali na fomu, "Madam mjamzito". Ya nne, CSS, "Mwl. mrefu".

Mwalimu mrefu ni mimi.

Nikafungua kurasa mbili mbele. Kuna wa tano, kuna wa sita. Nikamuuliza, hawa wengine wako wapi? Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Ticha, hao walikuja mara moja moja tu. Wewe ndio umerudi."

Mmeelewa kilichofanyika? Waombaji sita, kila mmoja kapewa mada inayofuata ya mwenzake, Jumamosi sita mfululizo, kwa wanafunzi waliolipa ada. Wakati chuo "kinafanya usaili", moduli nzima ya utangulizi imefundishwa bila senti tano. Yule dada mjamzito amepanda zile ngazi na tumbo lake akafundishe fomu bure, na hakuna aliyempigia hata kumwambia amekosa. Na nimepiga hesabu ya walichookoa: vipindi sita kwa elfu kumi, elfu sitini. Elfu sitini! Haikununulii hata nusu gunia ya mchele. Mtu anaweza kukudhulumu akanunua gari, angalau ukasema amepata. Hawa wamewadhulumu watu sita wapate hela ya kuwasha Luku.

Basi, tuje maabara. Kompyuta kumi na nne, zinazowaka tisa, zote Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Asubuhi za Juni mnazijua, baridi inashuka kutoka Loleza, watoto wanapuliza vidole ndio wabonyeze kibodi. Hilo nimelisamehe, mimi nimesoma katika hali mbaya zaidi. Nisichosamehe ni kitini. Kitini cha chuo, ambacho kila mwanafunzi anauziwa, bado kina sura nzima ya Flash, ile programu ya Adobe ya kuchezesha picha kwenye tovuti. Flash imezikwa tarehe 31 Desemba 2020, Adobe wenyewe wametangaza, vivinjari vimeitoa, na hapa mtoto wa watu kutoka Chunya anailipia ada. Sura ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, inafundisha kuunganisha hifadhidata kwa amri ya mysql_connect. Kitu hicho kiliondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Mwanafunzi anakopi kutoka kwenye kitini herufi kwa herufi, anabonyeza, ukurasa unamjibu kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Anarudia. Anadhani amekosea nukta. Kijana mmoja wa darasa la jioni alikaa nayo dakika arobaini, jasho linamtoka kwenye baridi ile, mpaka nikaenda kumwambia kaka, hujakosea wewe, kimekosea kitini.

Nikampelekea madam. Nikamweleza taratibu, kwa heshima, kwamba sasa tunatumia mysqli au PDO, nitaandika kitini kipya mwenyewe. Akanisikiliza, akasema: "Sasa mwalimu wangu, si uwawekee tu ile XAMPP ya zamani, yenye PHP ya kizamani, ili kitini kifanye kazi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Na Dreamweaver, programu ya kutengenezea tovuti. Msinielewe vibaya, mimi mwenyewe nilianzia Dreamweaver, tangu ilipokuwa ya Macromedia kabla Adobe hawajaichukua 2005 imefungulia watu wengi njia. Lakini pale wana CS6 ya mwaka 2012, ya kuchakachua, inayofunguka kompyuta nne kati ya tisa. Nikapendekeza Visual Studio Code, ni ya bure, halali. Ikakataliwa. Sababu? Cheti kimeshachapishwa, kimeandikwa Dreamweaver. Nikaandika vitini vipya hata hivyo, usiku, kwa bando langu, kurasa sitini na kitu. Leo hii vinauzwa dirishani pale mapokezi, jina langu limefutwa, sura ya Flash imerudishwa katikati. Nimekiona kwa macho yangu.

Hela sasa. Vipindi 24 kwa mwezi ni laki mbili na arobaini. Wanakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, inabaki 228,000. Sawa, kodi ni sheria, sina neno. Ila anayekata kodi ya zuio anapaswa kukupa cheti chake, kuonyesha kwamba imepelekwa TRA kwa TIN yako. Nimeomba mara nne. Mhasibu ananiangalia kama nimemwomba figo. Mwezi wa kwanza nikapewa laki moja na nusu, "nyingine utamaliziwa". Mwezi wa pili, wanafunzi hawajamaliza ada. Mwezi wa tatu, madam yuko Dodoma. Nadai 534,000. Wanafunzi walikuwa 31, ada 180,000 kila mmoja, na wasiolipa walikuwa wanatolewa nje mbele yangu, kwa hiyo asiniambie mtu habari za ada. Hiyo ni zaidi ya milioni tano na nusu. Nauli ya bajaji kurudi Uyole usiku, siku daladala zimejaa hadi mlangoni, sijaihesabu.

Nimerudi jioni kusoma waliojibu.

Wa "kwa nini ulisaini": nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba. Umeridhika?

Wa "mkataba unasema wewe siyo mwajiriwa, huna pa kwenda": hapo ndugu yangu umepotea, na ndipo wanapotupiga wengi. Kasome Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi hadi ithibitike vinginevyo, ikiwa hata jambo moja tu kati ya yaliyotajwa lipo: unafanya kazi chini ya maelekezo yao, masaa yako wanayapanga wao, umefanya kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho, wanakupa vifaa, unamfanyia mtu mmoja tu. Mimi nimefanya saa 48 kwa mwezi. Mstari mwekundu wamechora wao. Kufundisha kwingine wamenikataza wao. Huo "uhuru" waliouandika juu ya karatasi hauondoi hayo. Madai ya malipo kama haya unayapeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60, ukiwa umeachishwa kazi ni siku 30 tu, kwa hiyo asiwadanganye mtu "subiri mwezi ujao" mpaka siku ziishe. Ndiyo maana wanasema subiri.

Mdau wa Iringa, nimekusoma. Kwamba kwenu mkufunzi analipwa kwa idadi ya wanafunzi aliowaleta mwenyewe, hiyo sasa siyo kufundisha, huo ni udalali. Fungua uzi wako nitakuja kukuunga mkono.

Na wewe unayesema nawaharibia vijana riziki kwa kutangaza: yule binti wa kauntabuku amemaliza. Ana cheti chenye mhuri. Jana kaniandikia WhatsApp, ameenda kuomba kazi kwenye kampuni moja Dar, wamempa laptopu atengeneze ukurasa wenye fomu, amemaliza wakamsifu, akaulizwa kajifunzia wapi. Kataja chuo. Mimi sijatajwa na sitaki, lakini fomu ile aliifundishwa na dada mjamzito aliyekuja siku moja, na huyo dada hajui.

Kama dada upo humu, au kama kuna anayekufahamu, njoo inboksi. Na wa miwani, na wa Tukuyu, na wale wa tano na wa sita. Binti amekubali kunipa kauntabuku yake nipige picha, tarehe zote zipo. Jumatatu asubuhi nakwenda CMA kuchukua fomu, nikienda na watu zaidi ya mmoja tutasikilizwa vizuri zaidi.

Halafu wamefungua darasa jipya, na lile tangazo limerudi kwenye grupu, neno kwa neno. Kama umeitwa Jumamosi hii kufanya somo la mfano na mada uliyopewa ni majedwali na fomu, ujue wiki iliyopita kuna mwenzako ameishia kwenye picha na viungo.