Mrejesho: altimita iliyofyatuka kabla ya roketi kuruka

Wakuu, ni mimi wa Uyole, Mbeya, niliyeuliza kwa nini altimita yetu (kifaa cha kupima kimo kwa mgandamizo wa hewa) ilifyatua chaji ya parachuti, yaani baruti kidogo ya kusukuma parachuti nje, tukiwa bado tumebeba roketi mikononi. Bahati tulifunga balbu ya indiketa ya bodaboda badala ya baruti. Ikamulika tu, pu, jamaa aliyeshika bomba la roketi akaruka kama kakanyaga nyoka.

Mliuliza swichi ya kuwasha altimita iko wapi. Aibu: haikuwepo! Tuliiwasha kwa kusokota nyaya mbili kwa vidole, tukasukuma kichwa cha roketi ndani ya bomba. Hewa ikabanwa, kihisi cha mgandamizo kikadhani tumeshapanda na kushuka.

Sasa tumeweka swichi ya skrubu, unaigeuza kwa bisibisi kupitia kitundu ubavuni. Swichi ya kubofya tuliikataa, mshtuko wa kuruka unaweza kuizima. Tunafuata kanuni ya NAR, chama cha warusha roketi cha Marekani: saketi za kufyatua zinabaki zimezimwa mpaka roketi isimame mahali pa kurushia. Kiwashio cha mota kinaingia mwisho kabisa.

Jumamosi tumerudia jaribio kwa balbu ileile. Kimya, haikuwaka. Baruti bado hatujagusa, kibali hatuna.