Naomba ushauri: Mustang ya 1968 inachemsha kwenye msafara wa jioni

Wakuu, salaam. Naishi Västerås, Uswidi, na tangu nifike huku nimeyapenda mno magari ya kale ya Kimarekani. Wenye magari hayo huku wanaitwa raggare. Jioni za kiangazi, saa tatu usiku jua bado linawaka, wanazunguka mjini mwendo wa kinyonga: Chevelle, Charger, Pontiac GTO, vioo chini, mngurumo wa V8 (injini ya silinda nane) unausikia mpaka kifuani.

Mwaka huu nami nimenunua Ford Mustang ya 1968, injini ya 302, yaani lita 4.9, ya kabureta. Kwa umri wake haidaiwi ukaguzi wala kodi ya gari. Kwenye barabara kuu inakwenda vizuri kabisa. Shida ni kwenye msafara. Dakika ishirini za kusogea na kusimama, mshale wa joto unapanda, inazima, na haiwaki mpaka ipoe. Nikifungua boneti nasikia petroli ikitokota ndani ya kabureta. Ijumaa iliyopita ilinizimikia kwenye taa, mwanangu wa miaka sita yuko nyuma, tukasukumwa na watu. Iliniuma sana.

Rejeta nimeisafisha, themostati nimebadilisha. Fundi mmoja anasema nifunge feni ya umeme, ingawa natamani ibaki na vitu vyake vya asili. Mwingine analaumu petroli ya E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10), nihamie oktani 98 yenye ethanoli kidogo na nibadilishe mipira yote ya mafuta. Nianze na lipi? Mliowahi kumiliki Range Rover za zamani za V8 ya kabureta, nyinyi mlifanyaje?