Ukoo wa Mtambwe: karatasi za Seif

20:12 Da Maryam: Asalaam alaykum. Karatasi za kesi ya Seif zimo ndani ya sanduku la Bi Asha. Nazitaka Unguja kabla ya Ijumaa. Nani yuko Pemba?

20:19 Da Maryam: Nawaona mmesoma. Watu kumi na tisa.

20:31 Khamis: Mie nipo Wete lakini vespa imelala.

20:32 Othman: Vespa ile imelala tangu Mapinduzi 😂

20:34 Da Maryam: Othman, tafadhali. Naeleza tena. Seif hakushika kisu. Kafungwa maisha huko Uingereza 2013 kwa kuwa eti alijua mwenzake anaweza kuua. Tarehe 18 Februari 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kesi ya Jogee, ikasema hapo sheria ilikosewa tangu 1984. Kujua kwamba mwenzio anaweza kuua ni ushahidi tu, hakutoshi. Lazima ithibitike ulikusudia kumsaidia au kumhimiza.

20:36 Mwache: Sasa mbona hawamtoi?

20:39 Da Maryam: Kesi za zamani hazifunguki zenyewe. Muda wa rufaa ushapita, na lazima uoneshe kuna dhulma kubwa. Mlango mwembamba huo. Rufaa yake ya mwanzo ilikataliwa, kwa hivyo tunapitia ile tume ya Birmingham inayochunguza kesi zilizokwisha. Kuomba ni bure. Na msidhani atatoka kesho. Jogee mwenyewe kesi ilisikilizwa upya, akaonekana na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miaka 12. Lakini 12 si maisha.

21:02 Ami Hamad: Kama kuomba bure, hiyo laki tatu kila nyumba ya nini?

21:03 Da Maryam: Ya wakili wa kuandika hoja, Ami.

21:05 Ami Hamad: 2013 pia tuliambiwa wakili. Mikarafuu 22 ya marehemu ikauzwa, mie nikaja kusikia barazani. Aliyetia saini yumo humu.

21:06 Mwache: Ujumbe huu umefutwa

21:07 Othman: Rudisha tusome 😂

21:11 Da Maryam: Nilitia mie, Ami. Bi Asha alikuwa hali hanywi. Ningetia tena. Barua ya familia hii hapa: "Sisi jamaa zake tunathibitisha kuwa Seif usiku ule hakuwepo pale." Someni, mtie majina.

21:20 Khamis: Nitie.

21:21 Jamila: 👍🏾

21:48 Rahma: Bibi kanambia nimsomee yote. Haya ni maneno yake: "Maryam, futa. Seif alikuwepo. Kanambia mwenyewe kwa simu, Ramadhani ile ya mwanzo. Alisimama mlangoni, alipoona kisu akakimbia, hakurudi kumwinua yule kijana. Na yule kijana ana mama. Mnahesabu miaka ya Seif, na mimi nahesabu, lakini sijasikia hata siku moja mtu humu akimuombea dua yule. Daini haki ya mjukuu wangu. Jina langu msilitie kwenye uongo."

22:40 Da Maryam: Nimefuta, Bibi. Nisamehe. Na wala hatuuhitaji mstari ule. Kuwepo peke yake si kuua, swali ni alikusudia nini. Hayo ya mlangoni ndiyo ya kuandika, ayaseme mwenyewe Seif.

22:41 Da Maryam: Allah amrehemu yule kijana.

22:43 Mwache: Amin.

22:43 Jamila: Amin.

00:15 Salma London: Ndo natoka kazini. Nitatoa za nyumba mbili. Wakili anataka maneno yote ya jaji siku ya hukumu, si muhtasari. Yamo sandukuni?

00:17 Da Maryam: Wallahi sijui. Bi Asha hataki lifunguliwe bila mtu mzima.

05:52 Ami Hamad: Nakwenda Mtambwe leo. Nitalifungua mbele yake. Pesa sijasema.

06:10 Khamis: Ami, nipitie hapa Wete.

06:31 Da Maryam: Ahsante Ami. Utakuja nalo mwenyewe au unampa mtu kwenye boti?

07:44 Da Maryam: Ami?