Naomba ushauri: redio imeuzwa, watangazaji wanatakiwa kusaini barua

Assalaamu alaikum. Nauliza kwa niaba ya wafanyakazi wa redio binafsi hapa Unguja. Mnunuzi yuko Dar es Salaam. Vipindi vitatoka huko kwa intaneti. Hapa kitabaki mtambo wa kurushia matangazo na fundi mmoja. Mtangazaji atarekodi maneno ya zamu nzima mara moja, kompyuta iyapachike baina ya nyimbo.

Marekani wameshapita njia hii. Sheria ya 1996 iliondoa kikomo cha vituo kwa kampuni moja kitaifa, kampuni ya redio ya Clear Channel ikavuka vituo 1,000, ikanunuliwa kwa mikopo 2008, na 2018, ikiitwa iHeartMedia, ikaomba kinga ya muflisi.

Kinachonitia hofu ni barua ya "kuacha kazi kwa hiari" waliyopewa. Ukishaisaini, mwajiri atadai hukupunguzwa, umejiuzulu mwenyewe. Tafadhali msinijibu kwa sheria ya Bara. Huku ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005.

Zimeuzwa hisa, au mitambo tu? Kwa hisa, mwajiri ni kampuni ile ile na mikataba inaendelea. Kwa mitambo, nani analipa mafao ya miaka ya kazi ya nyuma, na tudai kabla pesa za mauzo hazijagawiwa?

Wapo pia wanaolipwa kwa kipindi, bila mkataba wala michango ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar). Wana ratiba za zamu, rekodi za sauti na meseji za malipo. Zinatosha kuthibitisha ajira? Waanzie Kamisheni ya Kazi au kwa wakili?