Makundi makubwa ya vijana wa ziara Orlando mwezi Julai: tujipange vipi tukiwa na bibi na mtoto mdogo?

Mama Nuru (Columbus, Ohio)

Salamu kwenu nyote, ndugu zangu. Mama yangu mzazi anakuja kututembelea kutoka Tanga, na kabla hajarejea nyumbani tarehe 2 Agosti tumekusudia kumpeleka Orlando, Florida, pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 9. Tumekwisha kulipia siku 4 za Walt Disney World, zile bustani za burudani za Disney, katika juma la tatu la Julai, kwa kuwa ndilo juma pekee ambalo mume wangu amepewa likizo. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na tutamkodia kiti cha magurudumu.

Linalonitia wasiwasi ni makundi ya vijana. Miaka miwili iliyopita tulikwenda katika bustani moja kubwa ya burudani mwezi huohuo, na kila tulipogeuka tulikutana na vijana 40 au 50 waliovaa fulana za rangi moja, wakiimba na kupiga makofi nyuma ya kiongozi aliyeinua bendera. Kuimba kwao hakukunisumbua, maana ni watoto wa watu na furaha yao ilikuwa ya kweli. Kilichoniumiza ni kwamba tulikuwa tumesimama kwenye foleni kwa dakika 50 juani, ndipo wakaja vijana wapatao 12, wakainama chini ya kamba na kuungana na wenzao wawili waliokuwa mbele yetu. Mume wangu aliwakemea kwa sauti, wao hawakuelewa lugha, mtoto wetu akaanza kulia, na siku ikaharibika kwa jambo ambalo pengine lingetatuliwa kwa utulivu. Nilijuta zaidi nilipojiona nimeanza kuwachukia watoto wa taifa zima kwa kosa la wachache.

Naomba kujua kama makundi hayo hufuata ratiba inayoweza kutabirika, ili tupishane nayo. Wakichomekea foleni, ni nani wa kuambiwa, na aambiwe kwa namna gani? Tena, je, kuna hoteli ambazo huyapokea zaidi kuliko nyingine? Mama hajawahi kufika huku, na sitaki kumbukumbu atakayorudi nayo iwe ya ugomvi.

Baba Salma (Kissimmee, Florida)

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Nimeendesha mabasi ya watalii hapa kwa miaka 9, na wengi niliowabeba ni vijana wa namna hiyo, kwa hiyo nitakueleza kama mtu aliyewangojea getini usiku mwingi.

Kwanza ufahamu ni akina nani. Mwezi Julai wengi wao hutoka Brazili na Ajentina, ambako shule hufungwa kipindi hicho kwa sababu kwao ni majira ya baridi. Wabrazili huonekana tena kwa wingi mwezi Januari, wakati wa likizo yao ndefu. Katika nchi hizo msichana anapotimiza miaka 15 hufanyiwa sherehe kubwa, na ziko familia nyingi ambazo humpa binti yao safari ya Orlando kuwa zawadi ya siku hiyo. Binti unayemwona akiimba kwa nguvu zake zote huenda wazazi wake wamedunduliza kwa miaka ili afike hapo. Ukilijua hilo hutalazimika kuvumilia makosa, lakini moyo wako utakuwa mwepesi unapowaona.

Kuhusu ratiba, kundi hutawaliwa na basi. Kuwaamsha vijana 50 wanaolala wanne wanne chumbani, kuwalisha, kuwahesabu na kuwapandisha garini ni kazi ya saa nyingi, na makundi niliyoyaendesha yalifika getini kabla ya kufunguliwa mara chache sana. Wageni wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia katika bustani zote nne dakika 30 kabla ya wengine, na kama mmepata chumba huko, basi saa ile ya kwanza na nusu ndiyo yenu. Chakula cha mchana makundi hulijaza eneo la kulia kati ya saa 6 na saa 7 na nusu, kwa hiyo agizeni chenu kwa programu ya simu mapema, mle saa 5. Jioni hawaondoki mpaka fataki zimalizike, kisha hutoka wote kwa mkupuo kuelekea kwenye mabasi. Mkiwa na kiti cha magurudumu, tokeni kabla ya fataki kuisha, au kaeni kwenye benchi nusu saa mpaka njia ipungue.

Jambo la pili, ambalo watu wengi hawalifikirii, ni ukubwa wa chombo mnachopanda. Pale Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo nne, tembo wa Dumbo ni 16 katika kila duara na kila mmoja hubeba watu 2, kwa hiyo kundi la vijana 50 likiwa mbele yenu humaliza mzunguko mmoja wote na zaidi ya nusu ya mzunguko unaofuata. Meli za Peter Pan's Flight nazo ni ndogo, za watu 2 au 3, na kundi hilohilo hula karibu meli 20. Lakini katika Pirates of the Caribbean mashua hubeba safu kadhaa za watu, katika Haunted Mansion viti huja mfululizo bila kusimama, na The Hall of Presidents ni ukumbi mkubwa wenye kiyoyozi ambao humeza makundi kadhaa kwa wakati mmoja, na mama atakaa kwenye kiti cha kawaida apumzike. Basi vile vidogo vimalizeni asubuhi, na vikubwa viacheni kwa ajili ya mchana.

Vijana wenyewe huvutwa zaidi na reli za kasi kama Space Mountain, inayotaka urefu wa sentimita 112, na TRON, inayotaka sentimita 122. Mtoto wa miaka 4 kwa kawaida hajafikia urefu huo, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya siku njia zenu hazitakutana kabisa. Pale mtakapogongana ni Seven Dwarfs Mine Train, ambayo sentimita 97 zinatosha. Mpime mtoto kabla hamjaondoka nyumbani.

Msisahau mvua. Alasiri nyingi za Julai huku huleta radi, na radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa na watu wote hukimbilia ndani ya maduka. Ningekuwa ninyi ningerudi hotelini saa 7 mchana, mama anyooshe miguu na mdogo alale, kisha mrejee saa 11 jioni.

Mwalimu wa Muziki (Minneapolis, Minnesota)

Mama Nuru, pole kwa yaliyokupata. Mimi husimama upande wa pili wa kamba hiyo, kwa kuwa nafundisha muziki katika shule ya sekondari na nimekwisha kuipeleka bendi yetu Orlando mara tatu, vijana 60 na zaidi pamoja na watu wazima 6. Naomba nikueleze tunachokihofu, kwa sababu ukikijua utajua pa kushika.

Hofu yetu kubwa ni kumpoteza mtoto. Fulana za rangi moja, bendera na nyimbo havikutungwa ili kuwakera wengine; ndivyo tunavyohesabiana, na mtoto aliyebaki nyuma husikia wimbo akajua wenzake wako wapi. Hata kule kuinama chini ya kamba mara nyingi huanza hivyo: kijana amekwenda msalani, akatoka akawaona wenzake wamesogea, akapatwa na hofu ya kuachwa, na marafiki zake kumi wakamfuata. Hilo haliwi halali kwa sababu hiyo, na uongozi wa Walt Disney World unawataka wageni wahakikishe kwamba watu wao wote wamekamilika kabla ya kuingia kwenye foleni. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wazi kwamba atakayechelewa atangoja nje pamoja nami.

Kwa hiyo likitokea tena, mume wako asiwakemee watoto. Kijana aliyekemewa na mgeni mbele ya wenzake hufunga masikio, hata akiwa anajua Kiingereza. Mtafuteni mtu mzima wao, ambaye karibu kila mara yuko mwisho wa kundi na si mbele penye bendera, mmwambie kwa upole: “Samahani, vijana wako hawa wametupita, tafadhali waombe warudi kwa wenzao.” Aibu ya kundi ni yake, na atalirekebisha haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Asipoonekana, mwambieni mfanyakazi aliye kwenye lango la foleni au pale pa kupandia, mkitaja rangi ya fulana na idadi yao. Msilishughulikie katikati ya foleni, mahali ambapo hakuna mwenye mamlaka.

Katika njia nyembamba, kundi likija mbele yenu, simameni pembeni mlipite badala ya kujaribu kulipasua kwa kiti cha magurudumu, kwani vijana wanaotazama bendera juu hawaangalii miguu ya bibi iliyo chini. Maneno mawili ya Kireno, lugha ya Wabrazili, “com licença”, yaani naomba kupita, hufungua njia kuliko kelele. Mama wa Tanga pengine atafurahi kusikia kwamba kile kitambaa wanachokifuata wao hukiita “bandeira”, na ya kwetu, bendera, tuliipata kwa Wareno wenye lugha hiyo, kama tulivyopata meza na leso.

Shangazi Rehema (Houston, Texas)

Mwanangu, mimi nijibu la hoteli tu. Hoteli za All-Star ni za bei nafuu na ziko karibu na viwanja vya michezo vya Disney, kwa hiyo timu na makundi ya vijana hupangwa sana huko. Tulipolala pale, korido zilikuwa na kelele hadi usiku wa manane. Mkipata nafasi ya kubadilisha na fedha zikiruhusu, mpelekeni bibi Animal Kingdom Lodge, ambako majengo yenyewe yanaitwa Jambo House na Kidani Village, na twiga huonekana kutoka kwenye baraza. Kama bei haifai, ombeni chumba cha juu, mbali na bwawa na ukumbi wa chakula.

Pia msitegemee ile huduma ya kupunguziwa kungoja kwa ajili ya magoti. Tangu mwaka 2024 imelengwa kwa wenye changamoto za ukuaji kama usonji, na mwenye kiti cha magurudumu kwa kawaida hupita foleni ileile.

Mama Nuru (Columbus, Ohio)

Ahsanteni sana, nyote mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Mume wangu amesoma jibu la Mwalimu mara mbili na amekubali kwamba safari hii atamtafuta aliye mwisho wa kundi. Shangazi, Animal Kingdom Lodge imetushinda bei, lakini tunalala katika hoteli nyingine ya Disney, kwa hiyo zile dakika 30 tunazo. Tumeamua Magic Kingdom iwe siku ya kwanza, tuanze na Peter Pan na Dumbo, na saa 7 turudi kulala.

Limebaki swali moja. Siku ya Animal Kingdom, ile bustani yenye wanyama, ningependa mama apande lile lori la Kilimanjaro Safaris, kisha atembee kijiji cha Harambe, ambacho nasikia kilichorwa kwa kuutazama mwambao wetu. Je, lori hilo nalo tuliweke asubuhi?

Baba Salma (Kissimmee, Florida)

Liwekeni asubuhi, dada, liwe la kwanza kabisa. Wanyama huwa wametoka kabla jua halijawa kali, na malori ni makubwa kiasi kwamba hata kundi likiwatangulia hamtangoja sana. Harambe ipo hapohapo mtakaposhukia, nayo ina kuta na milango itakayomkumbusha mama Lamu. Mpeni muda wa kukaa kivulini pale, kabla ya saa 5.