Muvi za zamani za Hollywood nianze na ipi? Gone with the Wind imenishinda

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Mimi muvi napenda, ila karibu zote nilizoangalia ni za miaka ya tisini kuja huku. Mjomba wangu ananicheka kila siku, eti waigizaji wakubwa wa zamani kama Bogart na Ingrid Bergman siwajui, najiitaje mpenzi wa muvi? Nikajikaza na Gone with the Wind ya 1939, kwa kuwa jina lake nalisikia kila mahali. Karibu saa nne! Clark Gable ana mvuto wake, sikatai, lakini watumwa wanaonyeshwa kama watu walioridhika kabisa na hali yao. Nikazima. Naombeni ushauri, nianze na ipi? Na hizi zisizo na rangi mnazizoeaje?

Kanda Mbili: 12 Angry Men, 1957. Saa moja na nusu hivi. Wanaume 12, raia wa kawaida walioitwa na mahakama kutoa hukumu, wamefungiwa chumbani, joto kali, wanaamua kijana auawe au aachiwe. 11 wanasema ana hatia, Henry Fonda peke yake kagoma. Chunguza kamera: mwanzoni inawatazama kutoka juu, ubishi ukikolea inashuka, na kuta kama zinawasogelea. Ukifika katikati hutakumbuka kama haina rangi.

Shangazi wa Makorora: Mwanangu, umezima kwa sababu ya maana. Ila mle ndani yumo Hattie McDaniel, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Oscar, 1940. Usiku ule wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa muvi hiyohiyo. Mtafute Sidney Poitier kwenye In the Heat of the Night, 1967. Tajiri mzungu anampiga kofi, naye anamrudishia palepale. Mwaka ule, Marekani ile! Mimi hapo huwa narudisha nyuma niangalie tena.

Fundi Redio: Mkuu, achana na orodha za "muvi bora", shika steringi mmoja umfuate. Mfano James Stewart: Rear Window (1954), amevunjika mguu, anawachungulia majirani dirishani. Ina rangi, haitakutesa. Halafu Vertigo, 1958. Mtu yuleyule mpole, mle anatisha.

Mpiga Debe: Steringi hafi? Nenda kaone Psycho ya mwongozaji Hitchcock, 1960. Janet Leigh anauawa hata nusu haijafika 😂

Kanda Mbili: Wewe Mpiga Debe umeshamharibia uhondo! Hitchcock mwenyewe alitaka sinema zisiruhusu mtu kuingia muvi ikishaanza, wewe unamwaga yote hapa.

Meru Kaskazini: Hatari! ya 1962 mbona hamuitaji? John Wayne, imepigwa huku kwetu Arusha. Wanafukuza vifaru kwa magari, na waigizaji wenyewe ndio wamo. Mmoja wao, Hardy Krüger, alipapenda mpaka akanunua shamba Momella, hukuhuku Arusha.

Shangazi wa Makorora: Mandhari nakupa, hadithi hakuna. Zaidi ya saa mbili na nusu za kukamata wanyama wapelekwe zuu za ulaya, na wenyeji wako pembeni tu. Kijana ataizima kama ile nyingine.

Meru Kaskazini: Shangazi, mimi naangalia milima yangu.

Mleta uzi: Nimewasoma wote. Leo naanza na Rear Window, kesho 12 Angry Men. Casablanca, ile ya Bogart na Bergman, namwachia mjomba achague siku, maana najua atasimulia kila kipande kabla hakijafika. Psycho basi tena, asante Mpiga Debe.

Binti Songea: Swali la pembeni: hiyo ya wanaume 12 kuna aliyeitafsiri? Naona ni maneno mwanzo mwisho.

Kanda Mbili: Ya kutafsiriwa sijawahi kukutana nayo. Washa maandishi ya chini, na usiiangalie huku unachati. Ukikosa dakika mbili hutajua nani kageuza kura.